Risasi ya Kumpumzisha

Jioni hiyo nilikuwa nimeenda Soko la Burma kununua matumbo. Siku hizi nachoka bure. Nilikuwa askari wa wanyamapori, na tangu nistaafu nikahamia Shauri Moyo, kazi iliyonibakia ni kuulizwa habari za bunduki.

Aliyeuliza siku hiyo ni Odongo, mtoto wa dada yangu, naye ni askari kama nilivyokuwa. Fisi alikuwa anasumbua watu kando ya mto kule Kware, na kesho yake yeye ndiye angetumwa kumpiga. Alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya bucha. Nikamwambia achukue .223, risasi nyepesi. Kule ghorofa zimebanana. Risasi nzito humpita mnyama ikaenda kumtafuta mtoto wa mtu kitandani.

Nikakata simu.

Harufu ilitangulia... mfupa mbichi na matope.

Nyuma yangu alisimama mwanamke aliyejitanda leso, bega moja limeshuka.

"Mzee, hiyo risasi ndogo usimpe kijana wako," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Nimeshaibeba. Iko hapa begani. Sijalala tangu mvua za mwaka juzi."

Akanishika mkono, akaupeleka chini ya leso.

Manyoya... makavu, yenye joto.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nikamtazama usoni. Alikuwa amechoka kuliko mimi na, Mungu anisamehe, nilimhurumia. Nikamweleza polepole kwamba .375, ile ya nyati, ingefika hadi nyumba za watu. Ile ya katikati, .308 yenye ncha laini, hufunguka mwilini ikabaki humo, mradi mpigaji awe karibu, na nyuma ya mnyama kuwe na ukingo wa udongo.

"Basi nitasimama kwenye ukingo. Sitasonga. Mwambie asitetemeke."

Niligeuka kumlipa mwenye bucha; nilipogeuka tena hakuwapo. Nikampigia Odongo, nikabadilisha neno langu. Hakuuliza sana.

Kesho yake jioni akapiga, sauti imemwisha.

"Anko, hiyo kitu ilikam hadi kwa ukingo, ikanigeuzia mbavu. Ikaningoja. Nikapiga moja tu, ikalala. Na kwa bega ilikuwa na risasi ingine ya kitambo."

Nilipata nafuu, sitadanganya. Nikajiambia yamekwisha, nikaweka chai jikoni.

Hodi ikabishwa.

Nilifungua. Kuanzia mlangoni mwangu hadi kwenye mfereji, watu walikuwa wamekaa chini kwa foleni, kimya, kama wagonjwa kliniki. Mmoja ameshika tumbo, mwingine mguu wake unaburuta. Harufu ile ile...

"Tumesikia unaongea na wenye bunduki," wa kwanza akanong'ona.

Wa mwisho nilimjua. Carolyne, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye nikiugua ndiye huniletea uji. Aliinamisha uso.

"Hata mimi, Mzee Caleb. Nimechoka."

Odongo amepiga tena sasa hivi. Anasema kuna fisi mwingine ameonekana mtoni, na anauliza achukue ipi.

Simu iko sikioni, namtazama Carolyne.