Vipande vya Jini wa Bi Zubeida

Udi ulikuwa unanukia na hakuna aliyechoma udi. Nazira alinusa pazia la studio yao ya video, akanusa kanga yake, mwisho akainama penye feni ya kompyuta. Harufu ilikuwa inatoka humo, asubuhi kweupe, na nje makuli wa bandari ya Mocímboa wanagombana kama kawaida yao.

"Sadique, umefanya nini tena?"

Mdogo wake hakuinua kichwa. Yeye ndiye aliyeunganisha diski nne za SSD zifanye kazi kama moja. Kila video iliyoingia ilikatwa vipande, vipande vikagawiwa diski zote. Ukubwa wa kipande alichagua mwenyewe bila kumuuliza mtu: kilobaiti kumi na sita, kidogo kupita kiasi, kisha akajisifu mtaa mzima.

"Video kubwa namna hii unazikatakata kama kachumbari?"

"Ilikuwa teste tu, dada, kujaribu."

Nazira alitamani kumzaba kofi. Humo ndani mlikuwa na video ya ngoma ya mwisho ya jini aliyochezewa mama yao, Bi Zubeida. Nyumba yao iliungua walipokimbia vita, na mama akafia ukimbizini. Sauti yake ilibaki kwenye video hiyo peke yake, maana kadi ya kamera Sadique alishaifuta.

Wakafungua video ya harusi ya mteja wao Luísa, ya kanisani. Katikati ya kwaya ngoma ya mama ikalia, ikakatika. Wakafungua mahafali ya shule, na mwalimu alipofumbua kinywa ikatoka nusu ya neno, kwa sauti nzito ya mzee. Kila video waliyofungua ilikuwa na kipande chake.

Wakamwita Bi Zaida, aliyekuwa akiongoza ngoma za mama yao. Alisikiliza huku ameziba mdomo kwa ncha ya ushungi.

"Jini akishapanda," alinong'ona, "anasema jina lake, anasema haja yake, anaaga. Hatumkatizi hata neno. Nyie mmemkata vipande."

"Tufanyeje, Bi Zaida?"

"Ifuteni hiyo ngoma. Ataondoka."

"Na sauti ya mama?"

"Itakwenda naye. Mkimuunganisha atakuwa mzima, na akiwa mzima atataka kiti, mtu wa kumkalia. Kiti chake kilikuwa Zubeida." Akamtazama Nazira. "Na wewe una hasira, mwanangu. Mama yako naye alianza hivyo hivyo."

Nazira akazidi kuwaka. Jini huyo alimnyonya mama yake miaka yote, akidai marashi hata siku ambazo watoto walilala na njaa, na leo anataka na sauti yake? Mama hafutwi.

Ukubwa wa kipande haubadilishwi mpaka diski zifutwe zote. Nazira akaazima diski ya nje, akahamishia video zote humo, akazifuta zile nne, akaanza upya.

"Weka kipande cha kati, dada," Sadique alisihi.

Akaweka kikubwa kuliko vyote. Video zikaanza kurudi, na kadiri zilivyorudi feni ilizidi kuvuma, na mvumo ukawa ngoma, ngoma ya mbali kwanza, kisha ya chumba cha pili, kisha ya chini ya meza pale pale miguuni mwao, na udi ukawakaba koo mpaka Sadique akashika ukuta, na Nazira, badala ya kukimbia, akazidi kukasirika na kuinamia kioo cha kompyuta, ameuma meno, akisema, njoo basi, njoo nikuone.

Kukawa kimya. Harufu ikapotea.

Akaifungua video. Mama alikuwa anacheka, anajifunga kanga. "Nazira, rekodi vizuri, mwanangu." Sauti safi, haina mkwaruzo. Nazira akalia. Kisha mama akafunikwa shuka jeupe, na pale jini alipokuwa akisema, midomo ya mama ilichezacheza chini ya shuka bila kutoa sauti. Ngoma na sauti ya jini vilikuwa vimeondoka humo.

"Dada," Sadique alisema, akirudi nyuma. "Wewe ndiye unanukia udi."

Bi Zaida alikuwa ameshavua viatu na kupiga magoti. "Karibu, mzee wetu," alisema, machozi yakimtoka.

Nazira alitaka kumwambia ainuke, kwamba ni yeye, Nazira. Akafumbua kinywa, na sauti nzito ya mzee ikaagiza marashi.