Kitanda Kilichofichwa Wafadhili Walipokuja

Kila asubuhi Mkunga alibeba ndoo za maji kutoka kisimani hadi zahanati yake. Ng'ambo ya mto, mdogo wake, mkunga pia, alifungua bomba tu. Nchi ya nje ilimjengea wodi mpya. Kila Mkunga alipoiona wodi ile, roho ilimuuma.

"Kwa nini yeye?" alimlalamikia mumewe. "Maskini zaidi si sisi?"

Basi aliposikia wafadhili watapita, alijiona mjanja. Akaondoa mapazia. Kitanda kizima akakificha stoo. Ndoo zilizotoboka akazipanga mlangoni. Wageni walitazama, wakanong'ona, wakaenda zao.

Binti yake, aliyekuwa mjamzito, akamwambia, "Mama, usikasirike. Nitajifungulia kwa mama mdogo. Kule kuna maji."

Hapo wivu ulimzidi. Alivuka mto amenuna. Alimkuta shemeji yake, mume wa mdogo wake. Ndiye mkalimani wa wafadhili.

"Shemeji, mliwapa nini wale?"

"Hatukuwapa kitu. Wodi iko kando ya barabara ya mgodini, na kampuni ya kwao ndiyo inachimba."

"Kwa hiyo shida zetu hawazioni?"

"Wanaziona, lakini shida si sababu pekee. Nchi inayotoa msaada hutazama pia biashara yake, usalama wake na serikali rafiki. Tena wananchi wao huuliza pesa zimefanya nini. Kwako walitafuta kitanda walichotoa mwaka juzi. Wakadhani mmekiuza!"

"Mungu wangu! Nilikificha mwenyewe."

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Wao huwezi kuwaamulia. Lakini kodi ni yetu. Mbaneni diwani."

Mkunga alikirudisha kitanda wodini. Akawakusanya akina mama, wakaenda kwenye kikao cha diwani kudai maji. Walipoahidiwa, walirudi kuuliza. Walipozungushwa, walirudi tena. Wakati huo mjukuu alizaliwa kule ng'ambo, mikononi mwa mdogo mtu. Mkunga alitabasamu kwa shida.

Hatimaye bomba likafika zahanati kwake. Siku hiyohiyo mdogo wake akaja, macho mekundu.

"Dada, pampu yangu ya maji imekufa. Kipuri kinatoka kwa wafadhili, na mgodi wao umefungwa. Hawapokei hata simu."

Mkunga alifurahi. Ndiyo, alifurahi, tena sana. Kisha akawaona wajawazito waliofuatana na mdogo wake, wamechoka na jua.

"Waingize ndani," alisema. "Kesho tunakwenda kwa diwani, mimi na wewe."