Waliosema Wameelewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bernadina alipeleka maziwa ya bibi yake kwenye kituo cha maziwa cha Dirma. Alikuwa darasa la sita, mwembamba lakini mwenye nguvu, na dumu la maziwa alilibeba kichwani huku akiimba njia nzima, kana kwamba baridi ya mlima Hanang haimhusu. Aliipenda safari hiyo kwa sababu mama yake, Tekla, alikuwa mfanyakazi wa kituo. Kumwona mama amevaa buti za mpira na koti jeupe, akipima maziwa ya watu, kulimfanya Bernadina atembee kifua mbele.

Kazi hiyo ndiyo iliyoendesha nyumba yao. Baba alikwenda machimboni Mirerani zamani, na simu yake haikuwa ikipatikana. Unga, sabuni na madaftari, vyote vilitoka kwa mama.

Mwaka huo kituo kilinunua tangi jipya la kupozea maziwa. Meneja, Bwana Kenneth, kijana msomi aliyetokea Mbeya, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza namna ya kulitumia. Alieleza vizuri, ila alieleza mbio mbio kama mtu anayewahi basi. Kila baada ya maneno machache aliuliza, "Mmeelewa?" Nao, watu wazima wenye watoto wao, waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, meneja!"

Bwana Kenneth hakuwa mtu mbaya. Alitaka kazi iende, lakini aliamini kwamba binadamu huchapa kazi kwa zawadi au kwa hofu, basi. Ukutani alibandika picha ya Mfanyakazi Bora wa mwezi, ambaye alipewa na blanketi. Aliyekosea alisimamishwa mbele ya wenzake asubuhi, akasemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke. Haukupita muda watu wakawa mafundi wakubwa, si wa tangi, bali wa kuficha makosa.

Jioni moja, wakimenya viazi jikoni, mama alisema kwa sauti ndogo, "Bena, lile tangi silijui."

"Si unalitumia kila siku, mama?"

"Namwangalia mwenzangu Marieta anavyofanya, na mimi nafanya vilevile. Nabonyeza kitufe cha kijani, naangalia namba, naondoka. Vile vitufe vingine wala sijui ni vya nini."

"Muulize meneja."

"Nimuulize nini, mwanangu? Ameuliza kama tumeelewa, na mimi nimesema ndiyo. Yule ni mdogo kwangu kabisa. Leo nirudi kwake kama mtoto, niseme nilidanganya?"

Ingekuwa hesabu za sehemu, Bernadina angemwelekeza mama yake mpaka aelewe. Lakini tangi alikuwa akiliona kwa mbali tu, linang'aa nyuma ya dirisha. Akaendelea kumenya viazi, na moyo wake ukawa mzito.

Kwa kawaida gari lilikuja kuchukua maziwa jioni ileile, kwa hiyo hayakulala tangini. Lakini siku moja mvua kubwa ilikata barabara ya kwenda Katesh, gari likakwama, na maziwa yote ya watu wa Dirma na Hirbadaw yakalala humo. Asubuhi Bernadina alipofika kituoni, alikuta watu wamesimama uwanjani. Maziwa yalikuwa yamechacha. Yalikuwa yakimwagwa mtaroni, meupe na mengi, na mbwa wa jirani walikuwa wakiyalamba. Bibi Agatha, mfugaji mzee ambaye ng'ombe wake ni mmoja tu, alikuwa akiyatazama huku machozi yakimtoka.

Bwana Kenneth alilikagua tangi, akatoka amekasirika sana. "Swichi ya kukorogea imezimwa!" alisema. "Maziwa yasipokorogwa, ya chini yanapoa na ya juu yanabaki na joto. Namba inasoma baridi ya chini tu. Nani aliyeizima?"

Ndipo macho ya meneja yalipomwangukia mlinzi wa usiku, Mzee Gidabuday, ambaye wiki iliyopita alilalamika kwamba kelele za mashine jioni zinamuumiza kichwa.

"Mimi sijaigusa, meneja," alisema mzee.

"Kama si wewe, ni nani? Humu usiku ulikuwa peke yako. Kesho asubuhi uje urudishe vitu vya kituo."

Jioni hiyo mama hakula. Aliketi karibu na jiko, mikono mapajani.

"Hakuna aliyeizima," alisema. "Haikuwashwa. Mimi ndiye niliyefunga kituo jana, Bena. Hiyo swichi sijawahi kuigusa tangu tangi lije. Sikujua kama ipo."

"Lakini mama, babu Gidabuday anafukuzwa!"

"Najua."

"Sasa utasema?"

"Nikisema, nitafukuzwa mimi. Tutakula nini? Bibi yako atakula nini?" Mama akamkazia macho. "Na wewe usiseme. Umenisikia?"

Bernadina alimsikia. Alitaka kubishana, lakini unga wa debeni ulikuwa karibu kwisha na alilijua hilo vizuri kama mama yake. Akisema, anamfukuzisha mama. Asiposema, anafukuzwa mzee asiye na kosa. Alilala akilia chini ya shuka, na kulia hakukubadilisha lolote.

Asubuhi alifika kituoni na dumu lake bila kuimba. Wafanyakazi walikuwa wamepangwa mstari uwanjani, na Mzee Gidabuday amesimama mbele yao.

"Shikamoo babu," Bernadina alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wahi, usichelewe shule." Mzee alimjibu kwa upole uleule wa siku zote, na upole huo ulimchoma Bernadina kuliko kofi. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa akitazama buti zake.

"Kuna mwenye neno?" meneja aliuliza.

Mzee Gidabuday alikabidhi tochi. Akakabidhi filimbi. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti zito la ulinzi. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, vifungo havikufunguka upesi, na watu wote walilazimika kusubiri. Alipolivua, alibaki na shati moja lililochanika begani, akitetemeka kwenye upepo ule wa mlimani. Bernadina alifumba macho.

"Mwacheni mzee avae koti lake!"

Ilikuwa sauti ya mama. Tekla alikuwa ametoka kwenye mstari, uso umelowa machozi. "Ni mimi, meneja. Sikuwasha ile swichi. Nilisema nimeelewa, lakini sikuelewa. Mpaka leo sijui."

Bwana Kenneth alipigwa na butwaa. "Lakini kila siku nakuona ukifanya na Marieta, na yeye anajua!"

"Nani, mimi?" Marieta alishtuka. "Mimi namwangalia Onesphory!"

Wote wakamgeukia Onesphory, ambaye picha yake ilikuwa ukutani mwezi huo. Onesphory alijikuna kichwa. "Mimi nabonyeza cha kijani, meneja," alisema. "Halafu namwomba Mungu."

Mtu mmoja alicheka, kisha kicheko kikafa. Meneja alifungua kinywa kugomba, na Bernadina akajua kazi ya mama imekwisha. Lakini Bibi Agatha, aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake lililogeuzwa, alimwahi.

"Meneja, maziwa yangu yamemwagika, kwa hiyo nina haki ya kusema. Ukimfukuza huyu aliyesema kweli, nani atakwambia kweli tena? Watabaki wale wa kusema ndiyo tu."

Bwana Kenneth alimtazama mzee aliyekuwa bado akitetemeka. Hatimaye alilichukua koti, akamvalisha mzee kwa mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Nimekuhukumu bila ushahidi." Kisha akawageukia wengine. "Na ninyi mnisamehe. Niliuliza kama mmeelewa, na nilipopewa ndiyo nikafurahi. Sikumwambia hata mmoja wenu aje anionyeshe."

Siku hiyo hakuna aliyefukuzwa. Walizunguka tangi, na kila mmoja aliliendesha mwenyewe huku akieleza kwa sauti anachofanya na kwa nini. Aliyekosea alirudia, na wenzake wakamsaidia. Picha ya ukutani iliondolewa, na hakuna aliyeiulizia, labda Onesphory.

Ila jambo moja halikutengenea upesi. Kila asubuhi Tekla alimwamkia Mzee Gidabuday, "Shikamoo mzee," na mzee aligeuza uso pembeni, hakuitikia. Kwa watu wa Dirma hilo si jambo dogo. Bernadina aliona aibu kwa niaba ya mama yake.

"Mama, si ulisema ukweli? Mbona bado amekasirika?"

"Niliusema nikiwa nimechelewa, mwanangu." Mama alisimama njiani, akamshika bega. "Nisikilize, Bena. Kutojua si kosa. Hakuna anayezaliwa anajua tangi, wala hesabu. Ukiwa hujui, useme siku hiyohiyo, hata kama wote wanasema wameelewa. Kutojua kwangu kulimwaga maziwa tu. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomvua mzee koti. Sasa nitamwamkia kila siku, aitikie asiitikie. Kutoniitikia ni haki yake."

Akaendelea kumwamkia, siku za mvua na siku za jua. Ilikuwa karibu na mavuno ya mahindi, siku ambayo hakuna aliyeitarajia, mzee alipomtazama, akasafisha koo.

"Marahaba, binti yangu," alisema, akawafungulia geti yeye na Bernadina.