Kiberiti cha Hilari

Konsolata alikamua mpaka vidole vikauma. Maziwa hayakufika hata nusu ya ndoo.

"Jamani Malkia, umekuwaje?" alimuuliza ng'ombe wake.

Malkia alikuwa ng'ombe pekee wa nyumba hiyo, kijijini karibu na Uwemba. Uji wa Priska na wadogo zake ulitegemea maziwa yake.

Hilari, mumewe, aliegemea mlango wa banda. "Huyu tumuuze tu," alisema. "Malisho yamekwisha. Kila mahali miti ya miwati."

"Malkia hauzwi! Kama adui ni miwati, tupambane na miwati."

"Basi nachoma tena."

Huyo ndiye Hilari. Kila mwaka, kabla ya mvua, alichoma malisho kama baba yake alivyofanya. Nyasi zikianza tu kuchipua, anamwingiza Malkia. Lakini kila baada ya moto, miche ya miwati iliota mingi kuliko mwaka uliopita. Hilari akiiona anakasirika, anachoma tena. Mchapakazi, lakini mbishi huyo!

Mchana alitoka na kiberiti mfukoni. Konsolata alimtangulia, akasimama katikati ya njia.

"Baba Priska, leo huwashi. Nimemwita afisa mifugo."

"Unanizuia kwenye malisho yangu?"

"Ndiyo, nakuzuia."

Stella, afisa mifugo wa kata, alifika kwa pikipiki. "Kamwene!" aliwasalimu. Alizunguka malisho, akachuchumaa kwenye miche.

"Baba Priska, nasikia ulifanya kazi kwenye kitalu cha miti."

"Miaka mingi! Miche ya miwati nimeotesha sana."

"Mbegu zake mliziandaaje?"

"Tulizimwagia maji ya moto. Zina ganda gumu. Bila moto hazi..."

Hilari alitazama miche iliyojaa miguuni pake.

"Mungu wangu! Kumbe ninaiotesha mimi mwenyewe!"

Konsolata alicheka mpaka akashika kiuno. "Kitalu chako hiki hapa, mume wangu! Tena kikubwa!"

Stella naye alicheka, kisha akaeleza. "Mbegu za mwati hulala ardhini miaka mingi. Moto unaziamsha. Nyasi nazo zinachipua, lakini mnamwingiza ng'ombe mapema mno. Anakula nyasi mpaka chini kabisa, mche wa mwati anauacha. Nyasi zinachoka, mwati unatawala."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Konsolata.

"Msichome. Mvua ikilainisha udongo, ng'oeni miche pamoja na mizizi. Mikubwa ikateni chini, mbandue gome la kisiki kisichipue tena. Halafu gaweni malisho vipande. Ng'ombe akila hapa, kwingine kupumzike mpaka nyasi zirefuke."

"Tung'oe yote hii kwa mikono?" Hilari alishangaa.

"Yote," alisema Konsolata. "Na Malkia asiuzwe mpaka tumalize."

Hilari alikuna kichwa. "Haya. Tujaribu."

Mvua zilipoanza, waliingia kazini. Waling'oa asubuhi kabla ya kwenda shambani. Viganja vilichubuka. Hilari alinung'unika, lakini hakuacha. Malkia alifungwa kamba kwenye kipande kimoja, kisha kingine. Penye upungufu, walimkatia majani ya kandokando ya mashamba.

Msimu uliofuata miche mingine iliota, ila michache. Waliing'oa ikiwa midogo. Nyasi za asili zilirudi, za aina nyingi, pamoja na maua ambayo Konsolata hakuwa ameyaona tangu aolewe. Nyuki walijaa. Na asubuhi moja maziwa yalipanda mpaka ukingo wa ndoo.

"Hilari! Njoo uone!" Konsolata aliita kwa furaha.

Kiangazi kilipofika, jirani yao Yosefu alikuja mbio mbio. "Hilari, niazime kiberiti. Miwati imenizidi, nataka kuchoma."

"Kiberiti changu hakitoki jikoni siku hizi," alisema Hilari. "Kaa hapa. Konsolata anatuchemshia chai ya maziwa. Mvua ikinyesha, nakuja kwako tung'oe pamoja."