Ndege Katika Mpunga wa Seline

Kila asubuhi Oyugi aliamka, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, kisha akakosa pa kwenda.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa msimamizi wa mizani katika kiwanda cha sukari, upande wa Muhoroni. Matrekta ya miwa yalisimama mpaka yeye ainue mkono. Mwaka jana alistaafu. Akarudi nyumbani, karibu na Pap Onditi, kwa mkewe Seline. Mwana wao, Byron, anaishi Migosi mjini Kisumu, na huwapigia simu Jumapili.

Nyumbani hapakuwa na trekta lililomsubiri. Oyugi alizipanga upya sufuria za Seline. Alimfundisha kuwasha moto, kazi ambayo Seline ameifanya tangu utotoni. Mchana alibeba kiti mpaka langoni, akatazama barabara. Seline akitoka, nyumba ilinyamaza mno. Ukimya huo ulimtisha.

Seline alikuwa na kipande cha mpunga kando ya vipande vya wanawake wenzake. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, punje zikiwa bado laini. Huo ndio wakati wa ndege. Wakitua kwa kundi, wanamaliza shamba kwa siku chache. Kwa hiyo wanawake walishinda huko, wakipiga madebe na kupiga domo.

"Baba Byron, naenda shambani."

"Tena? Kwani umeolewa na ndege?"

"Mpunga hauna mlinzi."

"Hata mimi sina. Nimeishi peke yangu miaka yote hiyo. Sasa nimerudi. Kaa na mumeo."

Seline aligeukia mlangoni. Akaliweka debe chini, akakaa. Hawakuwa na la kuongea. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na wiki nzima ikapita.

Rachael, mwenye kipande jirani, alijaribu kulinda vyote viwili, akashindwa. Alikuja mpaka langoni. "Jaduong'," alimwambia Oyugi kwa heshima ya mzee, "njooni muone."

Shambani masuke yalisimama wima, mepesi, matupu. Seline alichuma moja, akalipuliza. Makapi yakaruka. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alirudi nyumbani, akanyamaza siku nyingi.

Oyugi akaacha kunyoa ndevu. Chakula kikamshinda. Ndipo Naswa, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba hadi nyumba, akaja kumpima.

"Presha imepanda, Mzee. Kesho uende zahanati. Na usingizi?"

"Nilale vipi, na sina kilichonichosha?"

"Unaongea na nani mchana?"

"Na hiki kiti."

Naswa alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mzee, wewe umefiwa."

"Nimefiwa na nani?"

"Na kazi yako. Ulikuwa mtu wa kusubiriwa. Sasa hakuna anayekusubiri. Hilo huuma kama msiba, na wanaume wengi hulificha mpaka linawaangusha. Huzuni yako si aibu. Ila ulitaka Mama Byron awe kazi yako, awe marafiki zako, awe kila kitu. Naye ana maisha aliyoyajenga ulipokuwa mbali."

Oyugi aliinamisha kichwa. "Nani atamwajiri mzee kama mimi?"

"Si lazima mshahara. Tafuta kitu kinachokuhitaji uamke, mahali penye watu, na miguu itembee. Ni vizuri mtu aanze kukitafuta kabla hajastaafu. Lakini hata leo hujachelewa."

Oyugi alianza dawa. Msimu uliofuata aliwasaidia wanawake kuzibua mifereji. Mpunga ulipotia maziwa, alimwambia Seline, "Nipe zamu."

"Kufukuza ndege ni kazi ya wanawake na watoto. Watakucheka."

"Wacheke."

Walimcheka kweli. "Msimamizi!" Rachael alipaza sauti. "Hao ndege umewapima? Wana kilo ngapi?" Oyugi mwenyewe akacheka. Baadaye Ogola, mwalimu aliyestaafu, akaja kumsaidia. Oyugi akawa anarudi nyumbani na matope magotini, anakula, analala.

Jioni moja alirudi sauti imemkauka kabisa kwa kupiga kelele.

"Sasa hata ya kunigombeza huna," Seline alisema. Akamtengenezea chai ya tangawizi. Kisha, labda kwa sababu mumewe hangeweza kumjibu, akaanza kuongea.

"Tulipomzika binti yetu Winny, kesho yake ulirudi kiwandani. Ulisema miwa haingoji. Mimi nilibaki kitandani. Rachael na wenzake ndio walioniinua. Waliniogesha, wakanipeleka shambani. Nilikuwa nawapigia ndege kelele, kumbe nalia. Hakuna aliyejua tofauti. Ndiyo maana sikuweza kuliacha shamba lile, Baba Byron. Na wewe ukaniambia nikae."

Oyugi alisogeza kiti chake karibu na cha Seline, akasikiliza mpaka chai ikapoa.

Asubuhi walikwenda shambani wote wawili. Kundi la ndege liliposhuka juu ya mpunga, Seline alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Oyugi alisimama kando yake, akipiga debe, machozi yakimtoka. Ndege wakapaa, wakaenda zao. Msimu huo walivuna.