Mkono Mwepesi kwa Farasi wa Valère

Siku Valère alipozama ziwani, mwaka 1998, farasi wake alisimama ufukweni Kabuta, upande wa Zambia, kutwa nzima, amefungwa mkokoteni uliojaa. Watu wote walikuwa wakiitafuta maiti. Hakuna aliyekumbuka kumfungua farasi.

Valère alimnunua kwa mzungu aliyefunga shamba lake akahama. Kwa mkokoteni huo samaki walifika soko la Nchelenge, na watoto walikula.

Baada ya mazishi, mjane wake Emilienne alijaribu kumvisha farasi mikanda. Farasi aliinua kichwa, shingo ikakakamaa kama gogo. Hakusogea.

Jean-Claude, mdogo wa marehemu, alicheka. "Shemeki, na yeye analilia bwana yako? Jumamosi naleta mutu wa kuchinja. Angalau tutakula nyama."

Emilienne alichemsha maji. Kwao, mtu aliyeteguka mguu hukandwa kwa maji ya moto na nguvu zote, hata akipiga kelele. Akamkanda farasi shingo vivyo hivyo. Farasi akarusha teke. Ndoo ikaruka.

"Awe, bana Priscille! Acha!" jirani yake Matildah alipiga kelele kutoka uani kwake, akimwita kwa jina la mwanawe. "Unataka kumufuata bwana yako?"

Emilienne alikaa chini akalia. "Nifanye nini? Wakimuchinja, batoto yangu batakula nini?"

Matildah alikulia Mkushi, ambako baba yake alitunza farasi wa shamba. Kwanza alikagua shingo na mgongo.

"Kama kuna kidonda ao uvimbe, tunaita mutu wa mifugo. Hapa hakuna. Ni nyama ya shingo imekaza. Ile siku alisimama na mukanda siku muzima. Kuya huku. Simama kando ya bega, hapana nyuma. Weka vidole hapa, chini ya sikio."

"Hivi?"

"Nzito! Gusa kama mutoto wa homa amelala. Akivuta kichwa, usimushindanie. Punguza mukono."

"Nimepunguza. Sasa sifanyi kitu."

"Njo vile, ni sawa. Ngoja. Angalia macho."

Farasi alipepesa macho. Emilienne aliacha vidole palepale. Baada ya kitambo farasi alilamba midomo, akashusha kichwa, akapiga mwayo mrefu.

"Analegea," alisema Matildah. "Toa mukono. Mwache amalize."

Emilienne aliangalia mkono wake. Tangu mazishi hakuwa amegusa kiumbe chochote taratibu namna ile.

Kila asubuhi alirudia: shingoni, begani, mgongoni. Farasi alipokubali kuvishwa tena, mikanda aliilegeza. Mzigo aliupunguza.

Jumamosi Jean-Claude alikuja na mchinjaji. Walimkuta farasi njiani, anavuta mkokoteni polepole kuelekea sokoni, Emilienne kando yake.

"Nyama yangu iko wapi?" aliuliza mchinjaji.

"Ile inatembea," alijibu Jean-Claude.

Farasi ni mzee. Sasa anavuta nusu ya mzigo. Nusu nyingine Emilienne anaibeba kichwani.