Maji Katika Kikombe cha Breki

Kila Ijumaa, jua likianza kuinamia upande wa Kisii, kelele za nyundo katika gereji ya Machogu zilipungua zenyewe. Gereji hiyo iko sokoni Ikonge, nyuma ya kinu cha mahindi. Machogu ni Msabato. Jua likitua, Sabato imeingia, na hata spana iliyoanguka chini huachwa hapo hapo mpaka Jumapili.

Celestine, binti yake wa miaka kumi na miwili, akitoka shuleni alivua sare, akavaa ovaroli kuukuu aliyoikunja miguuni mara tatu. Aliijua spana namba kumi kwa kuigusa tu. Baba yake, ambaye Celestine alimwita Tata kama watoto wengi wa kwao, alikuwa na desturi ya kumtegea vitendawili akiwa amelala chini ya gari.

"Kitendawili!"

"Tega, Tata!"

"Namkanyaga kichwa hapa, anashika kwa mikono minne kule."

Celestine alikuna kichwa kwa kidole chenye grisi. "Ni breki!"

"Umepata. Na siku asiposhika je?"

"Siku hiyo tumekwisha sote!" alidakia Abner, fundi aliyefanya kazi na Machogu kwa miaka tisa. Mwana wa Abner, Jasper, alisoma darasa moja na Celestine. Wote watatu wakacheka. Haya, kicheko hicho kikumbukeni, kwa sababu hakikusikika tena pale kwa muda mrefu.

Gari lililokuwa juu ya jeki Ijumaa hiyo halikufanana na mengine ya Ikonge. Lilikuwa gari la mbio la Kiitalia, jekundu, fupi kama mbuzi aliyelala, lenye viti viwili tu na kabureta mbili. Mhandisi Mwitalia aliyekuja zamani kujenga barabara alimwachia dereva wake gari hilo, na dereva akamwachia mwanawe, Mzee Ojwang, mwenye duka la dawa mjini Nyamira. Machogu na Abner walilifufua kwa miaka minne. Gasketi walizikata wenyewe kwa mkasi. Mipira ya breki iliagizwa Italia, ikakaa njiani miezi miwili. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kiitaliano, na Celestine ndiye aliyegundua kwamba ukurasa ulioandikwa "freni" ulikuwa wa breki.

Kesho yake, Jumamosi, Valarie, binti ya Mzee Ojwang, alikuwa anaolewa. Mzee alitaka kumpeleka bintiye kanisani kwa gari la baba yake. Ilibaki kazi moja tu: kutoa hewa kwenye mirija ya breki.

Kazi hiyo inataka watu watatu. Abner alikaa ndani akikanyaga pedeli. Machogu alilala chini akifungua na kufunga skrubu ya gurudumu. Celestine alisimama mbele akijaza kikombe kidogo cha mafuta ya breki kila kilipopungua.

"Hicho kikombe kisikauke," Tata alisema. "Na mafuta ni hayo tu. Abner ameyafuata Kisii jana. Tukichelewa jua likatua, gari linalala hapa, na Mzee Ojwang ataniona mtu wa bure."

Celestine aligeuka kutazama jua. Kiwiko chake kikaigonga chupa. Ikaanguka bila kishindo, na kabla hajaikamata, zaidi ya nusu ya mafuta yalikuwa yamenywewa na udongo.

Akatazama ng'ambo ya barabara. Duka la vipuri la Nyangate lilikuwa limekwisha kufungwa, kwa kuwa Nyangate naye ni Msabato.

"Jaza!" Tata aliita kutoka chini.

Kando yake palikuwa na jagi la maji ya kunywa. Maji ni meupe, na mafuta yale ni karibu meupe. Celestine alijaza chupa maji, akatikisa, akamimina kikombeni. Yakachanganyika kana kwamba ni kitu kimoja.

"Celestine, mbona umekawia? Hayo ni mafuta matupu?"

"Ndiyo, Tata."

Neno hilo lilikuwa dogo kuliko punje ya wimbi. Abner alikanyaga pedeli, ikasimama ngumu. Mzee Ojwang alikuja, akaliendesha gari mpaka mwisho wa soko na kurudi. Breki zilishika. Alimkumbatia Machogu, akaondoka akipiga honi. Jua likatua.

Kesho yake kanisani Celestine hakusikia mahubiri. Alijiambia, mbona jana zilishika? Hakujua kwamba maji hukaa kimya mpaka yapate moto. Kwenye mteremko mrefu, breki zinakanyagwa na kukanyagwa, zinakuwa moto, maji yanachemka ndani ya mrija, na pedeli inazama kama mguu kwenye matope.

Wakati wa nyimbo za mwisho, mtu aliingia akamnong'oneza Machogu. Mzee Ojwang alikuwa peke yake garini, akienda kumchukua Valarie, gari likashuka mlima bila breki. Chini kulikuwa na wanawake wanaouza ndizi. Mzee alilipeleka kwenye ukuta wa mawe ili asiwagonge. Alikuwa amevaa suti ya harusi. Mguu wake wa kulia ulipondwa, na jioni hiyo madaktari waliukata.

Jumapili asubuhi gari lililobondeka lilivutwa mpaka gereji, na Machogu akachota mafuta kutoka kikombe chake, akayaweka kwenye kijiko, akakishika juu ya jiko. Ndugu za Mzee Ojwang walisimama wakitazama. Kijiko kikaanza kulia chwaa, chwaa.

"Maji," Machogu alisema.

"Nani alinunua mafuta haya?" aliuliza mmoja wa ndugu hao.

"Ni mimi," Abner alijibu. "Lakini chupa niliileta ikiwa imefungwa. Machogu, wewe unanijua!"

"Umeuza nusu ukajaza maji! Umemkata ndugu yetu mguu!"

Celestine alikuwa nyuma ya mlango. Aliwaona wakimpeleka Abner kituo cha polisi, naye hakutoka.

Jumatatu shuleni habari zilifika kabla ya kengele.

"Jasper, leo umekunywa chai au mafuta ya breki?" kijana mmoja alimkejeli.

"Msimguse, atawatilia maji!"

Wakati wa mapumziko Jasper alimfuata Celestine penye bomba. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona baba yangu akitia maji?"

"Sikuona kitu," Celestine alisema.

"Basi sema hivyo kwa polisi. Sema hukumwona."

"Mimi ni mtoto, Jasper. Nani atanisikia?"

Jumanne kiti cha Jasper kilikuwa kitupu. Celestine akirudi nyumbani alimwona katika shamba la majani chai la jirani, kikapu mgongoni kikimvuta nyuma, anachuma pamoja na mama yake. Mama alikuwa analia bila kuacha kuchuma. Jasper aliinua macho akamwona Celestine. Hakumpungia mkono, akaendelea kuchuma.

Celestine alikimbia mpaka gereji. Tata alikuwa ameketi peke yake juu ya tairi.

"Tata, ni mimi. Nilimwaga mafuta, nikatia maji. Uliponiuliza, nilikudanganya. Abner hajui lolote."

Machogu hakumpiga wala hakupiga kelele. Alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi, akakaa hivyo hata Celestine akatamani apigwe.

"Ungeniambia umemwaga," alisema mwishowe, "ningekasirika nusu saa. Gari lingelala hapa na Mzee angeenda harusini kwa teksi." Akainuka kwenye tairi. "Na mimi pia nina kosa. Fundi hukagua kikombe kabla ya kufunga boneti. Siku ile nilikuwa nalitazama jua zaidi kuliko kikombe. Twende polisi."

Kituoni Celestine alieleza yote. Machogu alieleza la kwake. Abner aliachiliwa jioni hiyo, ndevu zimeota, macho mekundu. Celestine alipiga magoti.

"Nisamehe, Baba Jasper."

"Mwambie Jasper kwanza," Abner alisema. "Kesho, mbele ya wale waliomcheka." Akaenda zake nyumbani.

Kesho yake Celestine alisimama mbele ya darasa akasema yote. Hakuna aliyecheka. Jasper, aliyerudi shuleni asubuhi hiyo, alisogeza kiti chake mbali naye, na ilipita miezi kabla hajakirudisha.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Hospitalini, shuka ya Mzee Ojwang ilikuwa bapa pale palipotakiwa kuwa na mguu. Alimsikiliza Celestine mpaka mwisho.

"Binti yangu aliingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na mjomba wake," alisema polepole. "Hilo halitarudi. Mguu nao hautarudi. Unaelewa?"

"Naelewa, Mzee."

"Njoo karibu. Unapenda vitendawili, nasikia. Nikimficha ananenepa, nikimtoa anakonda. Nani huyo?"

Celestine alilia. "Ni uongo."

"Ndiyo. Ijumaa huyo uongo wako alikuwa mwembamba, neno moja tu. Jumamosi akala mguu wangu. Jumapili akamla Abner. Jumatatu akaanza kumla Jasper. Ungemtoa Ijumaa, angekufa na njaa. Umemtoa Jumanne, umechelewa, lakini Abner amelala kwake. Mjukuu wangu, ukikosea, sema kabla gari halijaondoka."

Mwaka mmoja baadaye lile gari jekundu liko tena juu ya jeki Ikonge. Mzee Ojwang anaketi pembeni, mkongojo mapajani, akingojea. Abner yuko kwenye pedeli. Celestine anashika chupa kwa mikono miwili.

"Hayo ni mafuta matupu?" Tata anauliza kutoka chini.

"Ndiyo, Tata. Toka uone mwenyewe."

Na Machogu, ijapokuwa jua linainama, anatoka chini ya gari, anajifuta mikono, anakuja kukagua kikombe.